Vibao vya Miguu kwenye Pikipiki ya Selemani

Nakumbuka siku moja mume wangu alirudi kutoka Dimani na kandambili moja. Mguu wa kulia umevaa, wa kushoto mtupu, umejaa vumbi. Nikamuuliza ya pili iko wapi. Akautazama mguu wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, akasema imechomoka njiani. Mwanangu, mtu kandambili ikimchomoka si anajua? Si anasimama, anairudia? Mie nikamtengea maji ya kuoga, lakini moyoni nilishaanza kumtafuta mwanamke ambaye mlangoni kwake kandambili ile ilibaki.

Selemani ni mtu wa Salale, kwao ni kule ndani kwenye mikoko, ila tangu tuoane tumeishi Kibiti. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kununua ufuta kwa ajili ya matajiri wa Ikwiriri. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, zile ambazo wazungu huzivushia mipaka wakiwa na mabegi ya bati ubavuni. Msafiri mmoja alishindwa kuendelea nayo, akamwuzia. Ilikuwa nzito, na Selemani aliipenda. Akipita nayo barabara kuu, watu wa vibandani walikuwa wanageuka.

Basi, baada ya ile kandambili nikaanza kumwangalia. Na ukianza kumwangalia mtu kwa jicho lile, hukosi cha kuona. Alikuwa akioga anafunga komeo, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Alikuwa akivua shati mbele yangu, sasa akawa anabadilishia nguo chumbani peke yake. Kulala, analala na suruali. Nikimuuliza, anasema mbu. Nikanusa mashati yake, nikakuta jasho na petroli tu. Hilo nalo likanitia shaka, maana nikaona amekuwa mjanja.

Halafu pikipiki ikatoweka. Akarudi na basi, akasema ameiacha Ikwiriri kwa fundi Athumani inatengenezwa kidogo. Kidogo gani? Akasema vikanyagio tu, pale pa kuwekea miguu. Nikamsimulia shoga yangu Zaituni, tuliyepakana naye uwanja. Zaituni hakuchelewa. Akaniambia mwanamume akianza kupamba chombo chake, jua kuna mtu anayetaka kumpakia.

Kesho yake nikavaa baibui, nikapanda basi kwenda Ikwiriri. Nilisema naenda kutafuta mpunga wa mbegu. Nikamkuta fundi Athumani amechutama kando ya ile pikipiki. Alikuwa amevitoa vile vikanyagio vyembamba vya mwanzo, na mahali pake amefunga vibao viwili vya chuma, vipana vya kutosha unyayo mzima, juu yake amebana mpira wa tairi ili mguu usiteleze. Sasa alikuwa anachomelea kipande cha nyuma kwenye peda ya gia.

Nikamwuliza kazi yake. Akanieleza vizuri, mtu wa watu yule. Akasema ile peda ya mwanzo ilikuwa na ncha moja mbele. Ukitaka kupandisha gia, unaingiza vidole chini yake unainyanyua. Hii mpya ina ncha mbili. Mbele unakandamiza kwa vidole, nyuma unakandamiza kwa kisigino. Hakuna kunyanyua tena. Pikipiki ndogo nyingi za bodaboda ziko hivyo.

Nikamwambia, "Mume wangu ameiendesha hii miaka yote kwa kunyanyua. Leo kimemkuta nini?"

Fundi akashusha miwani yake nyeusi ya kuchomelea machoni. "Hilo muulize mwenyewe, mama," akasema, na cheche zikaanza kuruka.

Niliondoka pale nimekasirika. Niliona wanaume wanafichiana siri. Mpunga sikununua. Ndani ya basi nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia Selemani, na nilipofika nyumbani sikuyasema hata moja. Nilitaka kwanza nimkamate na kitu mkononi.

Pikipiki ikarudi, vibao vinang'aa. Nikawa namtazama anavyoondoka asubuhi. Kisigino kinashuka, gia inaingia, anapotea. Zaituni naye anatazama kutoka uwanjani kwake, kisha ananitazama mimi. Nilianza kumpunguzia maneno mume wangu, naye akanipunguzia. Tukawa tunakula sahani moja kama wapangaji.

Asubuhi moja nilikuwa nakaanga vitumbua barazani. Selemani ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, peku, anasubiri chai na kunisimulia habari za ufuta wa Dimani, jinsi wakulima walivyokataa bei. Nikachochea mkaa. Kaa moja likaruka, likamwangukia juu ya mguu wa kushoto. Mie nikashtuka kabla yake. Nikangoja auvute mguu. Hakuuvuta. Alikuwa anaendelea na habari za wakulima, na kaa limekaa pale, jekundu, na harufu ikaanza kunifikia.

Nikalipiga kwa mwiko likaanguka. Nikamwambia, "Selemani, mguu wako."

Kwanza alinitazama usoni. Nilipoona hajautazama mguu, nikajua kwamba anajua.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya masika. Ulianza kwa kufa ganzi, ukafuata udhaifu, hadi vidole vikawa haviwezi kuinuka kushika gia. Mara mbili tatu alikuwa nusura aingie mtaroni. Akapandisha suruali, akanionyesha baka jeupe pajani, mahali ambapo alikuwa ameweza kuchoma sindano asihisi kitu. Akaniambia babu yake mzaa baba alikuwa na baka kama lile. Kule kwao walimjengea kibanda peke yake ng'ambo ya kijito, chakula wakawa wanakiacha kwenye gogo, naye anasubiri waondoke ndipo aje kukichukua. Selemani alikua akiyaona hayo.

Nikamwambia, "Mie nilidhani una mwanamke."

"Nilijua unadhani hivyo," akasema. "Nikaona afadhali."

Mwanangu, nimeishi na maneno mengi, lakini lile neno afadhali sijapata kulisahau. Mume wangu alikubali nimchukie kwa uzinzi ambao hakuufanya, kuliko nijue anaumwa. Mie namshuku yeye, yeye ananishuku mimi kwamba nitamjengea kibanda.

Kumpeleka hospitali ilikuwa kazi. Hakutaka ya Kibiti, alisema watu watamwona. Nikamwambia basi twende mbali, lakini twende. Akanipakia nyuma ya pikipiki. Daktari, binti mdogo tu, alimwambia afumbe macho, akawa anampitishia pamba miguuni na kumuuliza amemgusa wapi. Mara nyingi Selemani alikaa kimya. Yule binti akatuambia ni ukoma. Akasema una dawa, dawa haiuzwi, na akishaanza kumeza hatamwambukiza mtu. Akanipima na mimi, nikawa salama. Kisha akamtazama yule mgonjwa wake na kumwambia kwa upole kwamba angewahi, mguu ungeweza kuinuka tena. Sasa hakuwa na uhakika.

Alimeza dawa zake mpaka mwisho na akapona. Mguu ulibaki vile vile. Hadi leo anaendesha kwa kisigino, na anavaa viatu vya kufungwa ninavyomkagulia ndani kila jioni, kama kuna kijiwe au kidonda. Zaituni alipojua, aliacha kunywa maji kwangu. Baadaye alianza kuja tena, anakaa, anacheka, lakini kikombe hagusi. Nami namwacha.

Sasa mwanangu unakwenda kuanza nyumba yako, nami sitakuambia usishuku. Macho umepewa uyatumie. Mimi nisingemwangalia Selemani kwa shaka, pengine lile kaa lingeanguka nami nisione. Ninachokuambia ni hiki: ukiona jambo limebadilika kwa mwenzio, namna anavyotembea, anavyooga, anavyolala, usilipeleke kwa jirani wala kwa fundi. Mkalishe yeye, umuulize, na useme wazi unachokiogopa. Mimi nilikuwa na maswali toka siku ya kandambili, nikayazungusha Ikwiriri na uwanjani kwa Zaituni, na wakati huo wote mguu unakufa. Na wewe ukiwa ndiye mwenye baka, onyesha mapema. Mtu wako akikukimbia, bora umjue ungali una miguu ya kutembelea.

Mwenyezi Mungu akupe mwenzi unayeweza kumvulia nguo mwangani bila hofu, akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kusikia jibu, na viungo vyako vyote vikuamshe vinapoguswa na moto. Amina.