Karatasi Aliyoikataa Mama Jokébed

Kyakimwa alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika ofisi ya Maître Edmond, wakili wa Butembo. Kazi yake ilikuwa kusaidia kesi: kufuata tarehe za mahakama, kupiga barua kwenye mashine, kutunza mafaili. Wakili alivaa joho na kusema. Aliyejua kila kesi imefika wapi ni Kyakimwa.

Jumatatu moja asubuhi, akitafuta muhuri, alikuta ndani ya droo ya Maître hukumu ya shamba la Mama Jokébed, mjane wa Vuhovi. Mama alikuwa ameshindwa. Shamba lake lilipewa Kasonia, mpitisha mizigo wa mpakani Kasindi, aliyeuziwa na ndugu wa marehemu mume wa Mama. Pembeni, huissier, mjumbe wa mahakama aliyempelekea Mama hukumu hiyo, alikuwa ameandika: "Amekataa kupokea." Kyakimwa alihesabu tarehe, akahesabu tena. Rufaa hupewa siku thelathini. Siku hiyo ilikuwa ya thelathini.

Na Mama Jokébed mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kama kila Jumatatu, akingoja kuambiwa "bado".

"Mama, huissier alikuletea karatasi?"

"Alileta. Nilikatala kuishika. Kwetu banasema, karatasi ya tribunal ukiishika, kesi inaingia mu nyumba. Nikamuambia airudishe kwenye alitoka nayo."

"Mama yangu, siku zinahesabiwa tangu alifika ku mulango. Ushike, usishike."

Kyakimwa aliingia kwa Maître bila kubisha, akaiweka hukumu mbele yake.

"Ulijua tangu mwezi muzima."

Maître Edmond alifunga kalamu yake taratibu. "Kasonia na mimi tunaelewana. Atamutafutia mama fasi ingine ya kulima, pale chini ku mabwawa."

"Mama anajua?"

"Atajua. Na weye uko assistante, hapana avocat. Enda upige mashine."

Kyakimwa hakwenda kwenye mashine. Huyu ndiye mtu aliyeinua mkono na kuapa kumtetea mteja wake; alimwuza mjane kwa mtu aliyekuwa akishindana naye, kisha akaona amefanya wema. Kyakimwa alichukua hukumu, akatoka, akamwinua Mama Jokébed kwenye benchi, akasimamisha pikipiki. Waliketi wawili nyuma ya dereva, wakashika njia ya Beni, kwa karani wa mahakama ya rufaa. Watu wengi hudhani ni wakili tu anayeweza kukata rufaa. Sheria inamruhusu mwenye kesi aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake.

Walifika saa nane, mavumbi hadi kwenye kope. Karani, mama mmoja aitwaye Mariette, aliwatazama juu ya miwani.

"Avocat wenu iko wapi?"

"Alibakia," Kyakimwa alisema. "Mwenyewe ndiye huyu."

Mariette aliandika rufaa ya Mama, akaisoma kwa sauti, akasukuma kitabu na wino wa alama ya kidole. Mama Jokébed alificha mikono ndani ya kitenge.

"Mie sitii kidole. Bwana yangu alitia kidole ku karatasi ya ndugu yake, ndiyo haya yote yalianza."

"Mama, kukatala ile karatasi kulikusaidia nini?" Kyakimwa aliuliza.

"Na weye unanikaripia?"

"Ndiyo, ninakukaripia. Usipotia, kesho Kasonia analima kwako."

Mama alimtazama kwa ukali. Kisha akautoa mkono, akakandamiza kidole kana kwamba anaponda mdudu. Mariette akapiga muhuri.

Walikuwa bado uwanjani mwa mahakama simu ya Kyakimwa ilipolia.

"Uko wapi?" Maître aliuliza.

"Beni. Mama Jokébed amefanya appel."

"Usirudi mu bureau yangu."

"Nitarudi kesho asubuhi, Maître, pamoja naye, tuchukue dossier yake. Ni yake, hapana yako."

Akakata simu.