Makawa ya Bi Suad

Bi Suad Obeid alinunua filimbi moja tu maishani mwake, na hiyo aliipuliza mara moja. Ilikuwa siku ya kwanza ya kambi yake ya kwanza ya likizo. Watoto kumi na wanane walikuwa wametapakaa uani kwake Timbwani, Likoni, wengine juu ya ukuta, wengine wakimfukuza paka, na yeye alitaka tu kuwaita waje kunywa chai. Akapuliza. Ua ukawa kimya kama msikiti wa saa nne asubuhi. Watoto wote wamejipanga mistari mitatu, vidole gumba kwenye mishono ya kaptula, macho mbele, hata kile kitoto cha miaka sita kilichokuwa na hamri zima mdomoni.

Bi Suad alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaingia ndani akalia kidogo, akaitupa filimbi kwenye debe la mchele, akatoka na upatu wa shaba aliopigiwa siku ya harusi yake. Tangu siku hiyo watoto wake huitwa kwa upatu. Upatu haumpangi mtu foleni; ukilia, mtu huja akicheza.

Watoto wa wanajeshi aliwajua tangu zamani. Mumewe, Hussam, alikuwa fundi wa mitambo katika jeshi la wanamaji kwa miaka ishirini na miwili, na yeye Suad alikuwa mwalimu wa chekechea mwenye kazi ya pili ya kungoja. Hussam alipostaafu alikaa nyumbani miaka minne, akimsumbua jikoni kwa kuonja onja kila chungu, kisha maradhi yakamchukua. Nyumba ikawa kubwa, jamani, kubwa ya kuudhi. Ndipo akaanza hii kambi: Aprili na Agosti, siku tano kila mara, kwa watoto ambao baba au mama yuko mbali kikazi. Wazazi huleta mchele, nazi, unga na magodoro. Anayemsaidia ni Eddah, mke wa koplo, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Na watoto wenyewe, nawaambia, ni watoto wa ajabu. Wanajua kukunja blanketi kwa pembe nne sawasawa. Wamesoma shule tatu, nne, na hakuna hata moja waliyoimaliza. Lakini waambie wapande mti, wanakuuliza nani ametoa ruhusa. Bi Suad alikuwa akiwaambia wazazi waziwazi kwamba kazi yake ni moja tu, kuwachafua. Akawafundisha kukuna nazi kwa mbuzi, kucheza nage mpaka magoti yawe mekundu, na kubishana na mkubwa kwa adabu.

Kulikuwa na ada moja ambayo haikukosa hata jioni moja. Kabla ya watu kula, kila mtoto humpakulia mzazi wake aliye mbali sahani ndogo, huandika jina lake kwenye karatasi, kisha huifunika kwa kawa la ukili na kuiweka juu ya meza ndefu ukumbini. Asubuhi mtoto hukila mwenyewe kile kiporo pamoja na chai. Bi Suad hakumweleza mtu maana yake. Nyumba gani ya Kiswahili isiyomfunikia chakula aliyechelewa? Aliona ni kama kueleza mtu kwamba mlango ni wa kuingilia. Na hapo ndipo alipokosea.

Agosti hii iliyopita akaletwa Janice, msichana wa miaka kumi, mrefu, mwenye begi lililofungwa zipu mpaka mwisho. Mama yake, Rosalia, ni karani bandarini. Baba yake, Sajini Dancun, alikuwa kwenye kazi ya kulinda amani nje ya nchi. Ni watu wa bara, walikuwa wamehamia Likoni miezi mitatu tu. Walifika alasiri, wenzake wakiwa wamekwenda pwani kuoga na Eddah, basi Bi Suad akampeleka Janice bafuni akanawe vumbi la njiani. Naye, kwa ukarimu wake, akaona asimchoshe mtoto. Akampakulia baba yake yeye mwenyewe: wali wa nazi, kipande cha nguru, mchicha. Akaandika kwa mwandiko wake wa chekechea, SAJINI DANCUN, akafunika.

Janice alitoka bafuni, akaiona meza, akalisoma lile jina. Hakulia. Alikwenda kitandani kwake, akanyoosha shuka, akaketi amepakata begi.

Hakula usiku ule. Asubuhi hakugusa chai. Bi Suad akadhani nazi imemshinda mtoto wa bara, na mchana akamsongea ugali na sukuma wiki, yeye ambaye ugali wake hata paka huutazama mara mbili. Janice alishukuru kwa heshima na kuusogeza kando. Bi Suad akajaribu vichekesho, akajaribu kumpa upatu aupige. Wapi! Mtoto alikuwa kama ameketi chumba kingine.

Aliyeleta habari ni Kai, mvulana wa miaka kumi na mmoja ambaye hiyo ilikuwa kambi yake ya tatu na alijiona mwenye nyumba. Alimfuata Bi Suad jikoni, akamwambia Janice amemuuliza swali ambalo yeye hakulielewa: je, mama huambiwa kabla ya watoto, au wote huambiwa pamoja?

Bi Suad aliacha chungu motoni, maana yeye alilielewa. Akampigia simu Rosalia pale pale na kumweleza habari ya meza. Rosalia akasimulia. Walikotoka, mwaka juzi, baba wa rafiki yake Janice hakurudi. Siku tatu wakubwa walijua na watoto wakaambiwa baba mzima, ni simu tu haishiki. Funika kombe mwanaharamu apite. Watoto walikuja kujua kwenye karamu ya kumkumbuka, walipoona wanajeshi wenzake wamemwekea mahali mezani sahani iliyofunikwa, na jina lake juu.

Bi Suad alijiambia kwa sauti, "Suad, umemuua baba wa watu kwa sahani ya wali."

Sajini Dancun alikuwa mzima wa afya. Rosalia alikuwa amezungumza naye Ijumaa. Akaomba amwambie mtoto mwenyewe, na Janice akapewa simu, akasikiliza, akasema sawa mama, akairudisha. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Baba mzima, simu haishiki: maneno hayo alikuwa ameshayasikia.

Jioni ile Bi Suad aliupiga upatu mapema akawakusanya watoto ukumbini, makawa yote mezani. Akawaeleza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, kwa nini chakula hufunikwa. Kai akasimama bila kuitwa na kueleza kwamba mwaka jana alimfunikia baba yake, na asubuhi ya siku ya nne baba akaingia na begi lake begani, akala kile kiporo cha maharagwe amesimama. Watoto wakacheka. Janice hakucheka.

"Na asiyerudi," akauliza, "anawekewa nini?"

Eddah alianza kukohoa kile kikohozi cha kubadilisha mazungumzo. Bi Suad angeweza kusema tumwombe Mungu, watoto, haya tule. Hakusema. Aliinua mkono akaonyesha ukutani, palipotundikwa kawa moja la zamani, lenye mistari myekundu na myeusi.

"Lile ni la Hussam, mume wangu. Miaka ishirini na miwili nimemfunikia nalo. Siku tuliyomzika nikalitundika, na halijashuka tena. Kwetu maiti huombewa dua, mwanangu, hafunikiwi chakula. Afunikiwaye ni yule yuwaja, aliye njiani."

Janice alilitazama lile kawa kwa muda mrefu. Kisha akaitazama meza. Akauliza kama baba yake ana lake ukutani. Bi Suad akamwambia hana. Mtoto akavuta pumzi, akaenda mezani, akafunua sahani ya sajini, aliyopakuliwa tena na Bi Suad jioni ile, na kuinusa.

"Baba hali nazi," akasema. "Atakuja akute hiki?"

Basi ikabidi sajini apakuliwe ugali. Mwanawe alikula sahani mbili, na ile ya wali akamalizia. (Na baba alirudi, msije mkalala na roho juu. Alirudi mwezi wa kumi, akakuta amefunikiwa.)

Siku zilizobaki Janice alichafuka vizuri sana. Siku ya nne Bi Suad alikwenda Frere Town kwenye harusi ya mpwa wake, akawaacha na Eddah. Aliahidi kurudi kabla ya chakula, lakini foleni ya feri ilikuwa na mambo yake, na alipofungua mlango magharibi ilikuwa imeshapita na watoto wamekwisha kula. Makawa yalikuwa mezani kama kawaida. Mwishoni, mahali pake yeye, palikuwa na moja zaidi, lenye mistari myekundu na myeusi. Msumari wa ukutani ulikuwa mtupu.

Bi Suad akauliza nani amelishusha lile, na sauti haikuwa ya mchezo.

"Mimi," Janice akasema. "Kai alinishikia kiti. Tumekufunikia wewe, Bibi. Wewe si yuwaja?"

Bi Suad alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa amefunikia mume, amefunikia wanawe, amefunikia wageni asiowajua majina. Kufunikiwa yeye, hakuna aliyewahi, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Aliketi na buibui lake mwilini, machozi yakimshuka bila kuficha, akalifunua kawa. Ulikuwa ugali, baridi, mgumu, umesongwa na watoto. Akasema bismillahi, akaomba achari, akaula wote.

Asubuhi kawa la Hussam lilikuwa uani, limeoshwa, limeanikwa juani pamoja na mengine.