Maziwa ya Cucu Wanjira na Skripti Iliyozibwa Mdomo

Mwanangu, bado naiona ile asubuhi niliyoshuka Kianjokoma, mgongo ukiniuma. Nilitoka Moyale kwa lori la mbuzi hadi Isiolo, nikapita Meru, nikauzunguka mlima mpaka Embu, na laptopu yenye ufa kwapani. Cheti changu ni cha sekondari tu. Kompyuta nilijifunzia katika saiba, vile vibanda vya intaneti, za miji niliyopitia. Chama cha wafugaji kikanipa kazi ya kuangalia tangi la kupozea maziwa.

Niliandika skripti fupi, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kila baada ya dakika kumi kompyuta iliiendesha yenyewe, ikasoma joto la tangi. Joto likipanda, au skripti ikishindwa kusoma, ililalamika, na kompyuta ikalituma lalamiko hilo kwa simu ya meneja, Bwana Njeru. Njeru ni mzee wa kanisa. Jumapili moja stima ilikuwa ikikatika na kurudi, na simu yake ikalia na kulia katikati ya maombi. Watu wakacheka. Kesho yake, nikiwa Meru kununua nyaya, akamwambia mwenzangu Murithi, "Zima hiyo kelele." Murithi akafungua ratiba ya kompyuta, akaongeza mwishoni mwa mstari: 2>/dev/null. Hilo ni shimo, mwanangu. Kila lalamiko la skripti hutupwa humo, wala halirudi.

Kisha fyuzi ikaungua. Mtambo wa kupoza na kipima joto vikazima pamoja, na maziwa ya kijiji kizima yakachacha tangini. Kamati ikatafuta wa kulaumiwa, ikamwona Cucu Wanjira, yaani Bibi Wanjira, mjane mwenye ng'ombe mmoja, kwa sababu mtungi wake ndio uliomiminwa mwisho. Ati ameleta maziwa ya jana. Yalikuwa yamepimwa mlangoni yakapita, lakini nani alijali? Wakamtangazia mbele ya foleni kwamba atafukuzwa chamani.

"Mimi hata ndama namnyima nilete hapa," akawajibu. "Hayo ya jana yangebaki wapi?"

Niliporudi nilifungua ratiba, nikauona ule mstari, na Murithi akanieleza ni nani aliyemwagiza. Nikaendesha skripti kwa mkono mbele ya Njeru. Ikasema wazi: kipima joto hakijibu.

"Imeanza lini kusema hivyo?" akauliza.

"Tangu fyuzi iungue. Imekuwa ikisema kila dakika kumi. Wewe ndiye uliyeiziba mdomo."

"Basi Cucu tutamwambia polepole. Usianike aibu ya ofisi."

Polepole. Mama wa watu alishutumiwa hadharani, lakini asafishwe kwa kunong'onezwa. Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye foleni ya kupima maziwa nikaeleza yote. Njeru aliangalia viatu vyake. Kufikia mchana kamati ilikuwa imemfutia Cucu shutuma, nami nilikuwa nimeambiwa kazi imekwisha, nirudishe funguo.

Kabla sijazirudisha, niliirekebisha skripti, na hivyo ndivyo ninavyotaka nawe ufanye. Habari za kawaida ziandikwe katika faili lake, kila mstari na tarehe na saa, zisimsumbue mtu. Makosa yaende kando, kwa watu wawili walio hai, si mmoja. Kelele zikizidi, tafuta kinachozisababisha. Lalamiko linalojirudia litumwe mara moja tu, si kila dakika kumi. Wala usidhani skripti iliyonyamaza ni nzima. Iagize iseme kila asubuhi kwamba imefanya kazi, ili siku isiposema ujue. Na ukiambiwa uizime kwa kuwa inamwaibisha mkubwa, kataa. Kuna mtu mwisho wa foleni atakayebeba hilo kosa.

Cucu Wanjira alinikuta stejini nikingoja gari, na begi langu.

"Unaenda wapi tena, wewe usiyekaa?"

"Sijui, Cucu."

Akacheka, akashika viganja vyangu, akavitemea mate kidogo kama walivyobariki wazee wake. "Enda. Mungu akupe mahali watu wanakusikia."

Sijarudi Kianjokoma. Lakini baraka ile sikuifuta mikononi, mwanangu, na leo nakupa wewe: Mungu akupe mahali utasikiwa, na masikio ya kumsikia anayelalamika.