Kisima changu kimeingia chumvi

Nyinyi wajukuu zangu wa Nairobi, mmenitupa? Komeo la mlango wangu limeshika kutu kwa kukosa wa kugonga!

Haya, sikilizeni yaliyonifika leo adhuhuri.

Nilikwenda uani kuteka maji ya kutawadha. Ndoo ikagusa maji kabla kamba haijafika nusu. Nikasukutua.

Chumvi tupu!

Nikajua ni jirani yangu Zuhura. Yule akihisi jini tu, humwaga chumvi. Nikamwendea mbio.

"Zuhura! Wafukuza jini gani kisimani mwangu?"

"Chumvi ya kujaza kisima niitoe wapi, hata nikinunua soko zima la Marikiti?" Kisha akashusha sauti. "Wallahi, na changu pia. Tangu jana."

Tukarudi, tukainama kisimani sote wawili. Maji yalikuwa yakipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Ndege ikapita juu. Maji yakatetemeka, nyuso zetu zikapotea mle ndani. Zuhura akanishika mkono.

Nikamkumbuka mwenzenu Nabil. Aliapa hapandi ndege tena, eti moshi wake wazidisha joto, na joto lapandisha bahari. Nami nikamtangaza mtaa mzima kuwa ni muoga.

Nabil, nisamehe mbele ya watu.

Na ile tikiti ya ndege mliyonikatia nije harusini huko kwenu, irudisheni. Nitakuja kwa basi, hata mgongo ukiniuma.

Maji ya kisima hiki ndiyo yaliyowaosha nyote mlipozaliwa.

Nanyi mkija, njooni kwa basi, mshuke stendi ya Mwembe Tayari kama Nabil. Msinisalimie kwanza. Nendeni uani mkayaonje, kisha ndipo mnibusu mkono.