Kijana wa Kitabu na Karanga za Mama

Juzi nilinunua karanga pale sokoni Birere. Karanga zikaisha, mimi nikabaki katikati ya njia nasoma karatasi iliyozifunga. Kijana wa pikipiki akanipigia honi: "Mama, kama ni masomo, shule iko kule!" Hakukosea. Lakini wewe, kaa nikueleze.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kifaransa alinipa riwaya moja kuukuu iwe yangu. Ndani yake mlikuwa na kijana asiyetulia: kila akipata pa kulala, anafunga mzigo, anaondoka. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni hadi kwenye pipa la maji, nilimpenda vibaya sana. Kaka yangu mkubwa alinicheka: "Weye jiwe la jiko, unasafiri na macho tu!" Baada ya sura chache nikamchoka yule kijana. Mama yake anamwekea chakula, chakula kinapoa, yeye yuko njiani anapiga mluzi. Mjinga kabisa.

Kisha mlima wa moto ukapasuka. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mji mzima, moshi ukituchoma koo. Mama alibeba beseni lake la karanga kichwani, na kitabu changu ndani yake. Nikaguswa mpaka machozi. Kumbe mwenzangu alikuwa amebeba karatasi za kufungia! Kule ukimbizini akawa anauza karanga, anachana kurasa, anazikunja kama pembe. Tena anachana za nyuma. Nilipopiga kelele alishangaa kweli.

"Za mbele ulishasoma, ni zako. Kule nyuma haujafikaka. Utakosa nini, sasa?"



Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi, bado yanafuka. Tukajenga nyingine ya mbao, mtaa wa Katindo. Hapo yule kijana wa kitabu akanivuruga kabisa. Yeye aliiacha nyumba yake ikiwa imesimama; sisi, yetu ndiyo ilituacha. Nimwonee wivu, au nimpige kofi? Kila nikizirudia zile kurasa zilizobaki, namkuta ni mtu mwingine.

Uasi ukafuata uasi. Asubuhi moja kaka akapanda lori la maharagwe la kwenda mpakani Bunagana, anaimba. Nyuma yake vita vikafunga barabara. Hakurudi, wala habari yake haikurudi.

Siku moja, tukichambua karanga, Mama akaniuliza bila kuinua kichwa: "Yule kijana wa buku yako, mwisho alirudia kwao?"

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Sijui, mama. Ule mwisho tuliuuzaka."

Mkono wake ukasimama ndani ya beseni.

Tangu hapo, Mama aliyedharau karanga za wengine akaanza kuzinunua. Anazimimina kiganjani bila kuziangalia, karatasi ananipa mimi. "Soma. Ni yeye?" Huwa si yeye. Ni mtihani wa jiografia, ni nyimbo za kanisa.

Sasa beseni lilishatoboka, macho ya Mama nayo yamechoka. Ile karatasi ya juzi nikampelekea.

"Ni yeye?"

"Hapana, mama. Ni musichana, anatoka kwao na valizi mukononi."

"Na huyo, alirudia?"

Nikaigeuza. "Inakatikia hapa."

Akapapasa chini ya kiti, akanisukumia viatu vyangu. "Basi enda kule soko, fasi ulinunua. Leta zingine."

Na mimi, jiwe la jiko, nikavaa viatu.