Wivu wa Fabiani na Robine ya Mtaa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyofika ofisini nikakuta kazi si yangu tena. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari. Mimi, mume wangu Fabiani na mama yake tulikuwa tumerudi kutoka Bukoba, tukapata nyumba huku nyuma ya Kabeza. Konseye, yule mzee aliyeongoza mtaa, hakuwa na watu wa kumsaidia. Akanipa mimi shughuli za kila siku: kufungua robine ambako mtaa mzima uliteka maji, kupanga zamu za kufagia barabara, kusikiliza waliogombania vyumba. Nilikuwa kijana bado, lakini sauti nilikuwa nayo.

Fabiani alikuwa mwalimu, na shule aliyoahidiwa ilikuwa haijafunguliwa. Alishinda nyumbani akingoja kuitwa. Mwanzoni alinisindikiza hadi kwenye kona, akinitania. Kisha watu wakaanza kunisalimu mimi kwanza, yeye baadaye, na wengine wakamwita bwana wa mama wa robine. Hapo pilipili ikaanza kuwasha. Nikirudi aliuliza nani alikuja ofisini, alikaa wapi, na mimi nilicheka nini. Konseye alikuwa na umri wa baba yangu, lakini naye hakuachwa.

"Mtaa mzima unakujua kuliko ninavyokujua mimi," aliniambia mchana mmoja nikimtengea chakula.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema mtu avue nguo kila anapowashwa.

Basi asubuhi ile Konseye aliponiona alishangaa.

"Bwana yako alikuja jana," alisema. "Amesema kazi umeacha, uko na mambo ya nyumbani. Nikapatia Damasi wa jirani ufunguo wa robine, ashike kazi yako."

"Damasi yuko wapi?"

"Ameenda Remera kwa shemeji yake. Atarudi."

Nilikimbilia kwenye robine. Jua lilikuwa limepanda, na wanawake walikuwa wamekaa juu ya madumu yao, hawana hata tone. Jirani yetu Zaituni, ambaye mtoto wake mchanga, aliyembeba mgongoni, alikuwa akiharisha, alikuwa amekata tamaa, anateremka bondeni kuteka maji ya kinamasi. Nilimshika mkono nikamsihi asimpe mtoto maji yale. Akaniuliza ampe nini.

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye foleni ileile. Nilipomweleza, aliweka dumu lake chini, akaenda nyumbani, akarudi akiwa amemtanguliza mwanawe. Hakupaza sauti, lakini wote tulimsikia.

"Fabiani, nani alisema mkeo ameacha kazi?"

Fabiani alianza kuyapanga madumu yaliyokuwa karibu naye.

"Nimekuuliza."

"Mimi, mama. Nimechoka. Kila mtu anamtazama yeye."

"Wivu ni wako, mwanangu, kaa nao. Kiu ni ya mtoto huyu. Nenda Remera ukalete ufunguo."

Akaenda. Alirudi akikimbia, shati limemganda mgongoni, akafungua robine kwa mkono wake, na Zaituni akawa wa kwanza kuteka. Fabiani alipogeuka aende zake, mama yake akamwambia, "Baki umsaidie mkeo kupanga foleni." Hadi alasiri alikuwa amesukumwa, ametukanwa, na mwanamume mmoja aliyetaka kupita mbele ya wenzake amemwita mwizi wa maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, mpaka siku utakapotwishwa wewe.

Mtoto wa Zaituni alipona. Konseye alinirudishia kazi, akaniomba radhi kwa kutoniuliza.

Usidhani wivu uliisha siku ile. Ulirudi mara nyingi, ila Fabiani alijifunza kuusema. "Leo naumia," alikuwa akiniambia, nasi tukikaa tukazungumza. Dada yangu alinishauri nimwache, na hata leo siwezi kusema alikosea, maana mtoto angeweza kufa. Nilibaki. Shule ilipomwita hatimaye, na wanafunzi wakawa wanamkimbilia njiani wakigombania kumbebea mkoba, kitu kikanichoma hapa kifuani. Nikacheka peke yangu.

Sasa nawe umechaguliwa kuongoza mtaa wenu, ndiyo maana nimekuita. Wivu utakuja tu, wa nyumbani, wa wenzako kazini, au wako mwenyewe, kwa kuwa chanda chema huvikwa pete na vidole vingine huona. Ukiwa wako, mwambie yule unayemwonea wivu huo ungali mdogo, kabla haujajitafutia mlango wa nyuma. Ukiwa wa mwingine, usiuchekee wala usiukimbie. Ukiletewa habari za mtu, msikie mwenyewe kwa kinywa chake kabla hujaamua. Na ugomvi wa nyumbani kwako usiwafikie watu mtaani, hawana kosa.

Mungu akupanulie moyo, mwanangu. Akupe mwenzi anayefurahi ukisalimiwa, na siku atakaposhindwa kufurahi, akupe mama mkwe kama wangu.