Mnyapara Aliyekataa Kuusingizia Mwezi

Simu ilinikuta Jumanne asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Mtoto wa kwanza wa mzee mmoja niliyewahi kufanya kazi naye aliniambia kwamba baba yake amefariki alfajiri, nyumbani kwao Malindi, na kwamba maziko ni baada ya sala ya Alasiri. Ninyi mnaonisoma kila wiki hamkumjua. Hakuwahi kugombea kiti, hakuwa na cheo cha kutajwa redioni, na picha yake haijapata kutoka gazetini. Alikuwa mnyapara katika mashamba ya chumvi kule Marereni, mtu wa visiwa vya kaskazini aliyehamia huku na mkewe wakiwa vijana, nami nilikuwa naye huko miaka mitatu kabla sijaingia katika uandishi. Kampuni yenyewe ilishafungwa zamani. Wakubwa wengi nimewaaga kwa kalamu hii, wengine kwa kutimiza wajibu tu. Huyu namwandika kwa sababu najivunia kwamba nilimjua.

Tazama tunavyoishi. Ukienda ofisini, mhusika ametoka, na aliyebaki hajui anarudi lini. Ukirudi kesho, mtandao unasumbua. Mtu akimpiga mkewe, shetani alimpitia. Mkandarasi akijenga kivuko kikaporomoka mwaka wa kwanza, mvua ilizidi. Kiongozi akibanwa huruka kimanga, na akionyeshwa saini yake mwenyewe husema alinukuliwa vibaya. Sisi watu wa pwani tumejaliwa Kiswahili kipana kama nyumba kubwa, nami nakionea fahari, lakini vyumba vingi vya nyumba hiyo tumevigeuza maficho. Sijitoi. Mhariri wangu akiniuliza makala iko wapi humwambia umeme ulikatika, naye hafanyi hasira, kwa maana amepata la kumwambia mkubwa wake.

Chumvi, kwa asiyeijua, ni kazi ya kusubiri. Maji ya bahari huingizwa kwa mfereji, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, mpaka katika mabwawa ya mwisho hubaki weupe mtupu, na wanawake huingia na reki na makarai kuikwangua. Kinachoilinda kazi yote hiyo ni mlango wa mbao ulio mwanzoni mwa mfereji. Siku za kawaida ubao mmoja unatosha, lakini siku za bamvu, bahari inapojaa sana, lazima utiwe wa pili, na mwenye kuutia alikuwa mnyapara. Bamvu hufuata mwezi, basi alihesabu siku za mwezi kama alivyofunzwa na babake, wala hakupata kukosea. Mwezi ule, jioni ya kuandama kwake, mbingu ilifunga mawingu. Mwezi haukuonekana, watu wakakamilisha siku thelathini za mwezi uliotangulia kama ilivyo desturi, naye akaanzia hesabu yake hapo. Bahari haingoji mtu aone mwezi, ikawa imemtangulia siku moja. Bamvu likaja alasiri ambayo yeye alidhani lingali la kesho, mlango una ubao mmoja, na maji yakapita juu. Mabwawa matatu yaliyokuwa tayari kukwanguliwa yakayeyuka sote tukitazama.

Kesho yake meneja alitaka barua ya maelezo ya kupeleka kwa wenye kampuni, na karani wa kuiandika nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana ninayependa maneno yangu mwenyewe. Niliandika kwamba bahari ilichafuka kwa namna isiyotarajiwa, kwamba upepo ulibadilika ghafla, na kwamba yaliyotokea yalikuwa nje ya uwezo wetu. Meneja aliona bado panahitajika mtu. Wanawake saba waliokuwa wakikwangua upande ule walizoea kuvuka juu ya mlango ule wakirudi makwao, basi akasema bila shaka wao ndio waliousogeza ubao. Hakuna aliyewaona. Nikaliandika hilo pia, kwa mwandiko mzuri. Wanawake wakaambiwa wasiingie kazini mpaka uchunguzi umalizike, na sote tulijua uchunguzi wa namna hiyo huwa haumaliziki. Walikaa nje ya geti siku nzima, mmoja wao akinyonyesha mtoto, mwingine akiwa ndiye tegemeo la mama yake na wadogo zake kule Ganze, ambako mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili.

Jioni mnyapara aliingia ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavuta kiti.

"Mwanangu, nisomee barua hiyo."

Nikaisoma, tena kwa madaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kiswahili chako kizuri, mashallah. Umetia bahari, umetia upepo, umetia na wake za watu. Mimi nimo wapi humo?"

"Nimekusitiri, mzee," nikasema, nikingoja shukrani.

"Sikukutuma unisitiri. Ubao wa pili ni kazi ya nani?"

"Ni yako, mzee. Lakini yale mawingu..."

"Mawingu yalikuwa juu. Bahari ilikuwa hapa chini, mbele ya macho yangu. Lau ningeteremka kuitazama ningejua. Sikuteremka. Andika hivyo."

Niliandika, naye akaipeleka mwenyewe kwa meneja, mimi nikimfuata nyuma. Meneja aliisoma mara mbili. Alimwambia, na nadhani alimwambia kwa huruma, kwamba barua ikienda hivyo unyapara umemtoka. "Najua," alijibu, "na wale wanawake?" Meneja akakuna kichwa, akasema basi, warudi. Kutoka pale mzee alikwenda moja kwa moja getini, akasimama mbele ya wale saba, vibarua wengine wakipita kurudi makwao. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Maji niliyaingiza mimi. Ubao sikutia. Nyinyi hamna kosa, na mmekaa juani kwa ajili yangu. Nawaomba radhi." Yule aliyekuwa akinyonyesha akamuuliza, "Na kazi yetu, mzee?" Akawaambia waingie asubuhi. Waliingia, na wakamkuta ameshika reki kama wao. Alikwangua chumvi miaka iliyobaki mpaka mgongo ukamkatalia, na mnyapara mpya alipomfuata kumuuliza bamvu ni lini, alimshika mkono wakateremka pamoja kuitazama bahari.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi katika kazi hii ya maneno. Mwenye kusema uongo wa kujitetea tunamjua, na siku moja hunaswa. Mzee huyu alikuwa na udhuru wa kweli. Mawingu yalifunga kweli, na hesabu aliyoifuata ndiyo iliyofuatwa na mji mzima. Hakuna ambaye angemlaumu. Akauacha udhuru wake chini kama mtu anayeacha kitu kisicho chake. Wako watu wa mbali wanaotusema sisi wa pwani kwamba maneno yetu matamu na kazi zetu ni za kesho. Nikiwasikia huwasimulia habari za mnyapara mmoja wa Marereni, na huwa nasimulia kichwa kikiwa juu.

Alasiri ya Jumanne tulimzika. Baada ya dua ndugu yake alisimama, kama ilivyo ada, akaomba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe, na watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Tuliporudi matangani nilimkuta mama mmoja amesimama kando ya turubai, leso mpya begani, amefika kutoka Marereni na wenzake wawili. Ndiye yule aliyekuwa akinyonyesha. Nikamweleza yaliyosemwa makaburini.

"Mimi sina la kumsamehe," akasema. "Aliniomba mwenyewe, yu hai, watu wanasikia." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe si yule karani?"

"Ndimi."

"Barua ya kwanza si uliandika wewe?"

Niliyaona maneno yamejipanga tayari mdomoni: meneja ndiye aliyesema, mimi nilikuwa mdogo, kazi ya karani ni kuandika anachoambiwa. Yote yalikuwa kweli. Na yote niliyameza.

"Niliandika mimi, mama. Niliwatia nyinyi na sikuwaona mkigusa ubao. Nisameheni."

"Mbona umekaa nalo miaka yote hii?" akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutafuta udhuru wa kumpa. Alinipa mkono, na wenzake wakanipa. Kosa lake mzee alilibeba kwa siku moja akalitua, langu mimi nimelibeba tangu ujana hadi mvi, na kumbe mzigo wote ulikuwa wa kutuliwa kwa maneno mawili: ni mimi.